Miezi 113 isiyoonekana: kisa cha mchungaji wa Anglikana aliyefika umri wa kustaafu

Kisa hiki kimeandaliwa kwa ajili ya wachungaji, wazee wa kanisa, waweka hazina wa parishi na makatibu wa dayosisi. Jina la mhusika, dayosisi, mkoa na parishi zote vimeondolewa, miaka ya uhamisho imesogezwa kidogo, na fedha zimetajwa kwa makadirio. Hesabu ya miezi ya michango ya pensheni imeachwa kama ilivyo, kwa sababu kisa chote kinasimama juu yake. Mhusika tutamwita Mchungaji K.

Mhusika na utumishi wake

Kanisa Anglikana Tanzania ni jimbo linalojitegemea tangu 1970, Jimbo la Afrika Mashariki la mwaka 1960 lilipogawanywa kati ya Kenya na Tanzania. Ndani yake kuna malezi mawili ya zamani. Dayosisi zilizozaliwa na wamisionari wa UMCA (misheni ya vyuo vikuu vya Uingereza kwa Afrika ya Kati), kama Zanzibar na Masasi, humwita kasisi wao Padre. Zile zilizolelewa na CMS (chama kingine cha wamisionari wa Kianglikana), hasa kanda ya kati, humwita Mchungaji. K. ni wa malezi haya ya pili. Kwa upande wa fedha tofauti hiyo haina uzito: pande zote mbili kasisi hupewa leseni na askofu, hupangiwa parishi na askofu, na huhamishwa kwa barua ya askofu.

Alizaliwa 1963 katika familia ya wakulima. Alianza kama katekista (mwalimu wa dini asiye kasisi) wa mtaa mmoja wa kijijini, yaani kusanyiko dogo chini ya parishi, kazi aliyoifanya kwa miaka mitano bila posho, akiishi kwa shamba na kwa debe la mahindi alilopewa wakati wa mavuno. Akapelekwa chuo cha theolojia, akawekwa ushemasi Desemba 1991 na ukasisi mwaka uliofuata. Mpangilio huo ni wa kawaida. Kitabu cha Sala cha 1662 kinataka shemasi awe na miaka 23 na kasisi 24, na shemasi akae walau mwaka mmoja katika daraja lake. K. alikuwa na miaka 28 alipoingia ushemasi, kwa hiyo umri haukuwa kikwazo.

Kuanzia hapo hadi anastaafu alihudumu parishi tano: miaka minne ya kwanza, saba ya pili, sita ya tatu, minane ya nne na sita ya tano. Parishi ya nne ndiyo iliyokuwa kubwa, ikiwa na mitaa 9, na kila mtaa na katekista wake. Yeye alizunguka kwa baiskeli, baadaye kwa pikipiki, akigawa Ushirika Mtakatifu mtaa kwa mtaa, kila mtaa ukimwona takriban mara moja kwa miezi miwili. Hakuna aliyewahi kulalamikia kazi yake.

Fedha zilivyopita

Bila kuuelewa mfumo huu, mengine yote hayataeleweka.

Dayosisi ndiyo mwajiri aliyesajiliwa na Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF). Lakini dayosisi haina shamba wala kiwanda. Fedha za posho zinatoka parishini, katika sadaka, fungu la kumi na mazao ya mavuno. Kila mwezi parishi hupeleka mgawo wake kwenye mfuko wa watumishi wa dayosisi, na dayosisi humlipa mchungaji kutoka hapo. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya posho. Mwajiri anaruhusiwa kumkata mtumishi hadi asilimia 10, na iliyobaki anaitoa mwenyewe. Kwa posho ya shilingi 240,000, aliyokuwa akilipwa K. akiwa parishi ya nne, ni 24,000 kutoka kwake na 24,000 kutoka kwa mwajiri: 48,000 kwa mwezi. Fedha hizo zinatakiwa zifike Mfuko ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi wa posho kwisha.

Anayekata ni mmoja, mwenye fedha ni mwingine, na mwenye jina kwenye kadi ni wa tatu, ambaye hakuna anayemletea risiti. Tatizo lipo hapo.

K. alisajiliwa Julai 2001 akiwa parishi ya pili. Kuanzia hapo hadi Juni 2023, mwezi aliotimiza umri wa kustaafu uliowekwa na katiba ya dayosisi yake, ni miezi 264. Ili kupata pensheni ya kila mwezi mwanachama anahitaji michango ya miezi 180. Akipungukiwa, anapewa mafao ya mkupuo mara moja na mambo yanaishia hapo. Kwa karatasi, K. alikuwa amevuka kiwango kwa miaka saba.

Kilichotokea

Barua ya kustaafu ilimfikia Desemba 2022, miezi sita kabla. Ilimshukuru kwa utumishi wa miaka 31, ikamtaka aandae makabidhiano, ikamtakia maisha mema. Kuhusu michango haikusema neno.

Aprili 2023 alikwenda ofisi ya Mfuko na kadi yake kuomba taarifa ya michango. Karatasi, pamoja na miezi iliyosalia hadi Juni, ilifika miezi 151. Pengo lilikuwa miezi 113, na ili afike 180 alihitaji kuiokoa 29.

Juni ilifika ibada ya kumuaga. Alipewa kochi, mbuzi wawili na bahasha. Makabidhiano yakafanyika alasiri ileile, baada ya pilau, katika chumba cha ofisi kilichojaa wageni: funguo, muhuri wa parishi, vyombo vya Ushirika, rejista. Karatasi iliyosainiwa ilikuwa na mistari sita. Mmoja ulisomeka «vitabu vyote vya ofisi», basi.

Wiki tatu baadaye kasisi aliyempokea alimpigia simu. Katika kitabu cha vyeti vya ndoa namba tatu hazikuwepo. Vyeti hivyo vina namba za mfululizo, na mchungaji mwenye leseni ya kufungisha ndoa anatakiwa aweze kueleza kila kimoja. K. alikumbuka: viliharibika wakati wa kuandika, akavichana. Utaratibu ni kupiga mistari miwili ya mshazari, kuandika neno BATILI na kukiacha cheti ndani ya kitabu. Alisafiri mara mbili, kilomita 140 kwenda na kurudi kila safari, kwenda kuandika maelezo.

La tatu lilikuwa nyumba. Kwa miaka 31 aliishi nyumba ya mchungaji. Mwaka 2012, wakiwa parishi ya nne, wazee wa kanisa walimwonyesha kona ya kiwanja cha kanisa na kumwambia, «Mchungaji, jenga hapa, utazeekea kwetu.» Akajenga kwa miaka miwili: vyumba vitatu, tofali za kuchoma, bati 42 za geji 30. Aligharamia takriban shilingi milioni 7.4. Alipohamishwa 2017 aliiacha chini ya uangalizi wa katekista. Aliporudi 2023 na fanicha juu ya Canter, halmashauri mpya ya parishi ilimwambia kwa upole kwamba nyumba ni ya kanisa. Ilitafutwa katika mihutasari ya 2012 na haikuonekana hata sentensi moja. Wawili kati ya wazee wale walikuwa wamefariki, wa tatu alikumbuka maneno lakini hakukumbuka kikao.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kukataa mkupuo. Ndugu na rafiki wengi walimshauri achukue kilichopo ajenge, na ushauri huo si wa kijinga kwa mtu asiye na paa. Aliyemzuia ni mhasibu mstaafu, muumini wa parishi ya tano, aliyemwonyesha hesabu kwa kalamu ya risasi nyuma ya ratiba ya ibada. Katika kikokotoo cha pensheni, idadi ya miezi inazidishwa moja kwa moja. Mwenye miezi 180 analipwa kila mwezi hadi kufa, mwenye 179 halipwi. Miezi 29 ilikuwa na thamani kubwa kuliko ile 151 yote aliyokuwa nayo.

Wa pili: wazo la kumwongezea mkataba hadi michango itimie. Arkidikoni, kasisi mwandamizi anayesimamia kundi la parishi, alilipendekeza kwa nia njema. Liliachwa kwa sababu mbili. Ili kupata miezi 29 mipya angehitaji karibu miaka miwili na nusu zaidi barabarani, na magoti yalikuwa yamekwisha kwa pikipiki. La pili ni zito zaidi: kuongeza mkataba kungefunika miezi iliyopotea badala ya kuitafuta, na deni la dayosisi lingegeuka kuwa kazi ya ziada ya mzee.

Wa tatu ndio uliomsumbua usiku. Sheria inamruhusu mwanachama kupeleka malalamiko Mfuko, na Mfuko una uwezo wa kumdai mwajiri michango pamoja na adhabu ya kuchelewesha, hata mahakamani. Mhasibu alimshauri aende moja kwa moja. Jibu lake lilikuwa: «Nimshitaki Baba Askofu? Nitazikwa na nani?» Si mzaha. Kwa kasisi, askofu aliyemwekea mikono ndiye pia anayetazamiwa kumzika, na mjane ataendelea kukaa katika kanisa lilelile. Mtu wa nje anaona woga. Aliye ndani anaona kwamba njia ya kisheria ina gharama ambayo haimo katika fomu.

Njia waliyoishika ilipita katikati. Aliandika barua kwa Katibu Mkuu wa dayosisi, si kwa askofu, akiambatanisha taarifa ya michango na jedwali la miezi. Haikutumia neno lolote la lawama. Ilitaja mwezi, parishi, posho ya mwezi huo, na safu tupu yenye kichwa «tarehe ya kuwasilishwa». Ilitoa siku 60. Na chini kabisa, mstari mmoja: «Nakala: Ofisi ya NSSF, wilaya.» Nakala hiyo ilipelekwa kweli, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Katibu aliyekuwa hajibu simu alijibu siku ya tisa.

Kuhusu nyumba, wanawe walitaka kwenda baraza la ardhi. Alikataa baada ya kuelezwa jambo ambalo wachungaji wengi hawalijui: parishi si mtu kisheria. Ardhi ya kanisa inashikiliwa na Bodi ya Wadhamini waliosajiliwa, na wazee wa kanisa hawana uwezo wa kumgawia mtu hata futi moja, wakiwa na muhtasari au bila muhtasari. Kiwanja hakikuwa chake siku ya kwanza. Alichoweza kudai ni gharama za maendelezo, na hilo kwa mazungumzo na kwa risiti.

Jedwali la miezi lilivyojazwa

Pengo la 113 lilipochambuliwa halikuwa kitu kimoja. Yalikuwa mapengo matatu yenye sababu tatu.

Miezi 22, kuanzia Julai 2001 hadi Aprili 2003, haikuwa imepotea hata kidogo. Ililipwa yote. Alipohamia parishi ya tatu karani mpya wa dayosisi alijaza fomu nyingine ya usajili badala ya kutumia namba iliyokuwepo, na akaandika jina la ubatizo kwa kifupi, herufi moja na nukta. Likazaliwa jina la pili na namba ya pili. Miezi ya mwanzo ikabaki kwenye namba ya kwanza. Dawa yake ni nyepesi: kadi zote mbili, kitambulisho cha taifa, hati ya kiapo ya majina, na barua ya mwajiri inayothibitisha kuwa ni mtu mmoja. Ilichukua wiki saba. Taarifa ikasoma 173.

Miezi 60, Januari 2004 hadi Desemba 2008, ni kipindi ambacho dayosisi iliagiza parishi zilipe wachungaji moja kwa moja. Parishi ya tatu ikampa K. posho mkononi baada ya ibada, mara nyingine kwa awamu, na hakuna aliyekata chochote. Dayosisi ilidhani parishi inawasilisha. Parishi haikuwa na namba ya mwajiri na isingeweza kuwasilisha hata ingetaka.

Miezi 31 ya parishi ya nne ilikuwa imetawanyika ndani ya miaka minane, mitatu hapa, minne pale. Ilipopangwa kwa kalenda ilijionyesha: karibu yote ni ya kati ya Desemba na Machi. Huo ni msimu wa njaa katika ukanda wenye mvua moja kwa mwaka. Sadaka inashuka, mgawo unachelewa. Parishi ilimaliza deni lake kila mwaka baada ya mavuno, lakini fedha zilipofika Juni, karani alilipa posho halisi (iliyobaki baada ya makato) za miezi ya nyuma na kuruka uwasilishaji wa makato, kwa kuwa fomu za michango za miezi hiyo zilikwishafungwa. Hati za posho zilionyesha makato. Mfuko haukupokea.

Hapa ndipo Mama Mchungaji, mke wa K., alipoingia. Alikuwa akiweka kila karatasi ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda: hati za posho, risiti za misumari, kadi za kliniki za watoto. Mchwa waliingia kwa kona moja yenye kutu na kula nusu ya rundo, wakaacha karatasi zenye kingo kama misumeno. Zilizosomeka vizuri, zikiwa na makato na mwezi, zilikuwa 12.

Matokeo

Dayosisi ilikubali miezi hiyo 12 bila ubishi, kwa kuwa saini kwenye hati ilikuwa ya ofisi yake. Michango ya shilingi 576,000 pamoja na adhabu iliwasilishwa Februari 2024. Miezi ikawa 185. Malipo ya kwanza ya pensheni yaliingia Mei 2024, karibu miezi 11 baada ya posho ya mwisho. Kipindi hicho aliishi kwa bahasha ya kuagwa, kwa mbuzi mmoja aliyeuzwa, na kwa bustani ya mkewe ya mchicha.

Miezi 79 haikurudi: 60 ya parishi ya tatu na 19 iliyoliwa na mchwa. Kwa kikokotoo tu na kwa wastani uleule wa posho, miezi 264 ingempa pensheni kubwa kuliko hiyo kwa karibu asilimia 43.

Nyumba ilifanywa ya katekista. Gharama zenye risiti zilifika milioni 4.1 kati ya 7.4, kwa sababu mafundi walilipwa mkononi. Parishi ilikubali kumrudishia kiasi hicho kwa awamu nane, kwa muhtasari wenye saini na kwa idhini ya wadhamini. Hadi kisa kinaandikwa awamu tano zimelipwa, zote baada ya mavuno.

Uchambuzi

Ni rahisi kusema dayosisi ilikula fedha. Ushahidi hauonyeshi hivyo. Katika miezi 60 hakuna fedha iliyokatwa. Katika 31 fedha ilichelewa na makato hayakuwasilishwa. 22 ilikuwa kosa la karani. Kinachoonekana ni kwamba kila pengo lina mzizi wake katika makabidhiano, ama ya mchungaji anapohama, ama ya karani anapobadilika, ama ya agizo jipya lililotolewa bila kusema nani abebe mchango. Mchungaji anapohama anabeba familia, vitabu na kuku. Faili lake halihami naye, na hakuna anayemwuliza kama limehama.

Kilichofaa zaidi ni jedwali. Barua ya malalamiko hujibiwa kwa pole na maombi. Safu tupu ya tarehe hujazwa, au inabaki tupu mbele ya macho ya kila mtu. Nakala kwa Mfuko nayo ilifanya kazi bila kumlazimisha mzee kuwa mshitaki. Lakini ingetumwa mapema ingefaa zaidi. Alisubiri Aprili kuomba taarifa ambayo angeweza kuiomba mwaka wowote, na angeliona pengo la 2004 mwaka 2005, wakati mweka hazina wa parishi ya tatu yuko hai na daftari lake lipo.

Kosa la parishi ya tatu lingezuilika kwa jambo dogo: parishi ilipe posho halisi kwa mchungaji, na asilimia 20 iende dayosisi siku ileile kwa stakabadhi tofauti. Kuchanganya posho na mchango katika bahasha moja ndiko kulikozamisha miaka mitano. Kwa parishi za wakulima, suluhisho la pengo la Desemba hadi Machi ni kutenga michango ya miezi minne katika mavuno, kabla mahindi hayajauzwa kwa ajili ya ujenzi wa kanisa. Kwa posho ya 240,000 ni shilingi 192,000, takriban magunia matatu mwaka wa bei nzuri na zaidi mwaka wa bei mbaya. Wazee wengi watapinga kwa kuwa bati za kanisa zinaonekana na mchango hauonekani, na hilo ni pingamizi la kweli ambalo mweka hazina ajiandae nalo.

Juu ya nyumba, wazee wa 2012 hawakumdanganya. Walitoa walichodhani ni chao. Mchungaji anayepewa kona ya kiwanja aombe barua ya Bodi ya Wadhamini, na asipoipata ajenge kwingine, hata kama ni chumba kimoja kijijini kwa wakwe chenye hati ya hakimiliki ya kimila.

Dayosisi husika sasa ina fomu ya uhamisho ya kurasa tatu. Ina sehemu ya rejista, yenye namba ya kwanza na ya mwisho ya kila kitabu cha vyeti vya ndoa, na sehemu ya taarifa ya michango isiyozidi miezi mitatu tangu itolewe. Arkidikoni hasaini bila hiyo. Katika uhamisho wa kwanza uliotumia fomu hiyo, wachungaji wanne kati ya sita walikuja bila taarifa, na wawili kati ya hao hawakujua namba zao za uanachama.

Barua ya K. kuhusu ile miezi 60 bado iko mezani kwa Katibu Mkuu. Ni ya tatu. Mama Mchungaji anazo nakala zote, safari hii ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko.